Ukubwa wa Ukurasa na Umbo la Shairi

Ukurasa wa mtandao hauna urefu wala upana maalumu. Maneno hujipanga kufuata kioo cha msomaji. PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ina ukurasa wenye vipimo thabiti. Kwa hiyo, anayegeuza ukurasa wa mtandao kuwa PDF hafanyi kazi ya ukarani tu, bali huamua mstari uishie wapi. Katika ushairi, huo ni uamuzi wa mhariri.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Butembo anayewaandalia mashairi wanafunzi wa mji huo na wa Beni. Mshororo wa shairi la arudhi aghalabu una mizani 16: ukwapi nane, utao nane. Katika A4, yenye milimita 210 kwa 297, mshororo huo hukaa vyema kwa herufi za pointi 12. Akichagua A6, yenye upana wa milimita 105, ili shairi lisomeke kwenye simu, na akaacha pambizo za milimita 20, nafasi inayobaki ni milimita 65 tu. Utao huporomoka, na ubeti wa mishororo minne huonekana wa minane.

Yamkini mtu atasema kwamba vina na mizani vitamwongoza msomaji. Ni kweli kwa shairi la arudhi. Lakini mashairi mengi ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi*, iliyotoka mwaka 1974, hayafungwi na kanuni hizo. Humo, pale mstari unapokatika ni chaguo la mshairi. Mstari uliokatwa na karatasi hautofautiki na uliokatwa na mtunzi, na mwanafunzi atahakiki kazi ya mashine akidhani ni mtindo.

Aidha, baadhi ya programu, zisipoelekezwa, hutumia karatasi ya Letter ya Marekani, yenye milimita 216 kwa 279. Shairi likigeuzwa kwa Letter Butembo na kwa A4 Beni, ukurasa wa saba wa huku huenda usiwe wa saba wa kule.

Hatuna budi, basi, kutaja ukubwa waziwazi kwa kanuni ya @page, kuujaribu kwanza mshororo mrefu kuliko yote, na kunukuu kwa ubeti na mshororo badala ya ukurasa. Mhakiki asiyejua nani aliyeukata mstari hana msingi wa kuzungumzia umbo la shairi.