Kailasa ya Ellora: Hekalu Lililoanzia Kileleni

Katika hekalu la Kailasa huko Ellora, jimbo la Maharashtra nchini India, hakuna jiwe lililopandishwa juu ya jingine. Kuanzia msingi hadi kilele ni jabali moja la basalti, lililochongwa likiwa bado limeshikamana na mlima. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inahusishwa na Krishna wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Rashtrakuta katika karne ya 8, na hekalu ni la Shiva.

Mafundi walianzia juu ya genge. Walichimba mahandaki matatu: mawili sambamba yaliyoingia mlimani, na la tatu la kuyaunganisha kwa nyuma. Katikati likabaki pande kubwa la mwamba, nalo wakalichonga wakishuka. Ua uliopatikana una urefu wa mita 80 hivi na upana wa takriban mita 46. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba mawe yaliyoondolewa yalifika tani 200,000.

Utaratibu huo uliondoa tatizo gumu kuliko yote katika ujenzi wa mawe, yaani kupandisha mizigo mizito. Mwamba ambao haujachongwa ndio uliokuwa jukwaa la fundi. Mnara, ambao kwa kawaida humalizwa mwisho, ulipata umbo kwanza.

Lakini gharama yake ilikuwa kali: kilichokatwa hakirudi. Tembo wanaoonekana kulibeba hekalu, nguzo mbili ndefu za uani na madaraja yanayounganisha banda la Nandi, fahali wa Shiva, na ukumbi, vyote vilihitaji mwamba uachwe mapema mahali pake. Aliyegonga tindo kileleni alifanya kazi kwa vipimo vilivyoamua pia wapi tembo wangesimama.

Uhakika huo ulitoka wapi? Naamini jibu kubwa liko Pattadakal, Karnataka. Huko, miongo michache kabla, ukoo wa Chalukya ulikuwa umejenga hekalu la Virupaksha kwa mawe ya kupangwa. Rashtrakuta waliwaangusha Chalukya, na Kailasa inafanana sana na Virupaksha kwa mpangilio na mtindo. Kwa hiyo ramani ilikwisha kujaribiwa katika jengo lililosimama. Kipya kilikuwa mbinu ya kuitekeleza.

Ndiyo maana napinga wanaodai kuwa kazi hii ilipita uwezo wa binadamu. Madai hayo huwapokonya mafundi heshima yao. Alama za tindo bado zinaonekana ukutani, na mpangilio wa kazi unaelezeka hatua kwa hatua.