Kabla Zege Halijamwagwa

Chumba cha chini cha nyumba ya ghorofa, Dar es Salaam. Kuta za matofali zimesimama, mbao zimetandazwa juu, nondo zimeshafungwa. Kesho zege linamwagwa. Fundi umeme bado hajagusa waya, anauliza maswali. Kitanda kitakaa upande gani? Nguo zitapigwa pasi wapi? Mlango utafungukia wapi? Kila jibu analiweka ukutani kwa chaki: duara ni soketi, msalaba ni swichi. Swichi inakaa upande wa kitasa, kwa kuwa upande wa bawaba mlango ungeifunika. Kimo anakilinganisha kwa mpira mwembamba uliojaa maji, ukuta hadi ukuta, maana sakafu ambayo haijasawazishwa haiaminiki.

Kisha anagawa njia. Taa zinapata waya wa milimita mraba 1.5 na breka ya ampea 10. Soketi, waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Kiyoyozi kinapewa njia yake peke yake. Waya ukibebeshwa kupita uwezo wake hupata moto, hivyo breka lazima ikate kabla waya haujaumia.

Anapanda juu. Paipu za plastiki za milimita 20 anazilaza katikati ya nondo na kuzifunga moja moja. Penye kona anaingiza springi ndani ya paipu, anaikunja taratibu gotini, kona inatoka ya mviringo bila tundu kubonyea. Boksi za taa anazijaza karatasi na kuziziba, maana uji wa zege ukiingia, njia hiyo haifufuki. Halafu anarudia kila kiungo kwa kidole, akitafuta palipokosa gundi.

Zege likishakomaa na mbao kuondolewa, anashika tindo. Mifereji yake ukutani ni ya wima tu, ili atakayepigilia msumari miaka mingi baadaye ajue waya umepita sawasawa juu au chini ya swichi.

Waya zinaingia tatu tatu: kahawia ni laini, buluu ni nyutro, kijani chenye njano ni ethi. Msaidizi anasukuma, fundi anavuta. Zikikwama, hashindani nazo. Anazirudisha nyuma kidogo, anazinyoosha, anaanza tena.

Kabla umeme haujawashwa anapima ukinzani wa ganda la waya kwa mega, kifaa cha volti 500. Njia ikisoma chini ya megaohimu 1, anaifungua na kutafuta kasoro, hata kama plasta inasubiriwa. Zote zikipita, anaandika ndani ya mfuniko wa boksi la breka, kwa herufi kubwa: taa, soketi, kiyoyozi. Maandishi hayo ni ya fundi mwingine, atakayekuja kutengeneza hitilafu asiyoijua katika nyumba asiyoijua. Nastahi ufundi unaomrahisishia kazi mtu ambaye hamtaonana kamwe.