Heller 20 ya Tabora Chini ya Lenzi

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziji tena. Serikali ya Wajerumani ikageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Humo ikapigwa rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo mbele ya mlima, na kwa wingi zaidi ikapigwa sarafu ya thamani ndogo, heller 20: nyingine za shaba ya njano, nyingine za shaba nyekundu. Wakusanyaji wengi huota ile ya tembo. Mimi naipenda heller 20, kwa kuwa ndiyo inayomuumbua mpimaji wa sarafu asiyeijua kazi.

Ukimwonyesha mtu yeyote heller 20 yenye taji lililofifia na tarehe isiyosomeka vizuri, atakwambia sarafu imelika. Mpimaji hodari hana haraka hiyo. Huishika ukingoni kwa gumba na shahada bila kugusa uso, kisha huiinamisha taratibu chini ya taa moja, upande huu na upande ule. Anatafuta mng'ao. Madini yanapokandamizwa na muhuri wa chuma husambaa kuelekea ukingoni, yakiacha vijistari ambavyo jicho tupu halivioni. Hivyo ndivyo vinavyoufanya mwanga uzunguke juu ya sarafu inapoinamishwa. Sarafu ikishapita mikononi, vijistari hufutika kwanza pale palipoinuka. Basi taji likiwa limefifia lakini mwanga ukalipita bila kukatika, sarafu hiyo haijalika. Imezaliwa hivyo: muhuri ulikuwa umechoka, au mashine haikukandamiza vya kutosha. Ila mwanga ukikatika juu ya taji, na rangi ya pale ikawa butu kuliko ya bondeni, hapo pamepita vidole, mifuko na soko.

Kutofautisha kilema cha kuzaliwa na jeraha la maishani ndiyo kazi yenyewe, na Tabora iliifanya iwe ngumu. Mihuri ilichongwa kwa mkono, na zaidi ya mmoja: kuna taji kubwa na taji dogo, kuna herufi L zenye ncha kali na zenye ncha zilizojikunja. Asiyejua ni muhuri upi uliopiga sarafu iliyo mbele yake hawezi kujua ilipaswa kufananaje ilipotoka mashinani.

Baada ya hapo ndipo inapokuja namba ya ubora. Ngazi ya 1 hadi 70 ilitungwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kale za kwao. (Huyu ndiye aliyegawa hata watu kwa maumbo ya miili yao; alipenda ngazi.) Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyowahi kutumika. Siku hizi kampuni kama PCGS na NGC hutoa namba na kuifungia sarafu ndani ya kasha la plastiki. Namba husaidia biashara, sikatai, lakini heller mbili za Tabora zaweza kupata namba moja, hii ikasomeka vizuri na ile ikawa kama kivuli. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huitazama sarafu kwanza, namba baadaye.

Rupia ya fedha, yenye sura ya Kaizari wa Ujerumani aliyevaa kofia ya tai, nayo ina mtego wake. Nyingi zilivaliwa shingoni. Mpimaji huuzungusha ukingo polepole chini ya lenzi, akitafuta alama ya risasi ya kulehemu au mahali palipopigwa tupa ili kuficha alama ya kitanzi kilichong'olewa. Akiipata, bei inaporomoka hata kama uso ni mzuri. Kwangu rupia iliyopendeza shingo ya mtu ina hadhi yake, ila soko haliioni hivyo.

Linalomuuma mpimaji kuliko yote ni sarafu iliyosuguliwa. Chini ya taa, uso wake huwa na mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, na mng'ao wake hauzunguki, unametameta tu kila mahali kwa pamoja. Ngozi iliyoondolewa hairudi. Kwa hiyo, ukikuta rupia au heller ndani ya kasha la bibi, weka mbali ndimu, majivu na dawa ya kung'arishia. Iache na weusi wake, ifunge kwenye karatasi kavu, uipeleke kwa mpimaji kama ulivyoikuta.