Kete 22 za Mkononi

Mpiga mishale akiishiwa mishale, hana tena kazi vitani. Jambo hilo dogo limewasumbua sana watunga michezo ya vita ya mezani, ile ambayo watu wazima wa Ulaya na Marekani hupanga askari wadogo wa bati juu ya meza na kurudia mapigano ya Warumi, Wagiriki na Waajemi. Kila kikosi kipewe mishale mingapi? Wapo wanaochora alama kwenye karatasi na kufuta moja kila wanaporusha, hata meza ikageuka ofisi ya karani wa ghala. Wapo wanaoiachia dadu: ikianguka vibaya, podo ni tupu. Na wapo walioamua kutohesabu kabisa, kama Phil Barker na wenzake katika De Bellis Antiquitatis ya mwaka 1990. Humo mpiga upinde hurusha mpaka mchezo uishe.

Kutohesabu kuna utetezi wake. Mwaka 53 KK, huko Carrhae, jeshi la Crassus lilivumilia mishale ya Waparthi likitumaini kwamba itaisha. Plutarch anasimulia kuwa tumaini hilo lilikatika Warumi walipotambua kwamba adui ana ngamia waliobeba shehena ya mishale mipya. Mtu anaweza kusema: basi, mishale haiishi, kuna haja gani ya kuihesabu? Mimi naona kinyume. Crassus alikuwa ameegemeza mpango wake kwenye ghala asilolijua, na mchezo usioweza kumtia mchezaji hofu hiyo umeacha kiini cha vita nje ya meza.

Sisi tunao mchezo wa vita uliolimaliza suala hili bila karatasi wala dadu. Bariadi, mkoani Simiyu, kama kwingine Usukumani, bao lina jina lake la nyumbani, isolo, na ubao wake una safu nne za mashimo manane. Lakini kwa habari ya akiba, ninalolisifu hapa ni bao la kiswahili, lile la awamu mbili, namua na mtaji.

Kete ni 64, kila upande 32. Kabla ya mchezo mtu hupanga kumi tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, ni za mkononi. Kila zamu hutoka moja. Hutoki na mbili kwa kuwa umebanwa, wala husemi zamu hii napita kwa kuwa huoni pa kupiga.

Mtazame fundi anavyoitumia hiyo moja. Anaitia katika shimo la safu ya mbele ambalo tayari lina kete. Shimo la mwenzake linaloelekeana nalo likiwa na kete, zote zinaliwa, na mlaji anazisambaza upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete, safari inaendelea, pengine kwa kula tena na tena. Ikiangukia patupu, imelala. Kete moja ya mkononi inaweza kugeuza ubao mzima. Na kilicholiwa hakitoki ubaoni. Kinahamia kwa aliyekula na kupigana upande wake, sawa na mshale wa adui uliookotwa na kurudishwa ulikotoka.

Kula ni lazima. Hapo ndipo ufundi unapokuwa mtamu, kwa sababu anayejua humtegea mwenzake mlo asioutaka: anamlazimisha kutumia kete nzuri mahali pabaya, kisha anatulia. Zamu isiyo na cha kula ni ya kutakata, yaani kusambaza bila kula, na mchezaji mchanga huitupa tu ili zamu ipite. Fundi huitumia kupanga safu ya zamu mbili mbele. Vivyo hivyo nyumba. Ni akiba ya pili, inanenepa kadiri mchezo unavyokwenda. Ukiivunja mapema umejimaliza, ukichelewa mwenzako anaila nzima. Alex de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake mwaka 1995, alivutiwa na namna wanavyokokotoa mizunguko hiyo kichwani, bila kugusa kete.

Hesabu ya akiba haifichwi. Zamu zinalingana, kwa hiyo unajua mwenzako amebakiwa na ngapi hata kama amefumba kiganja. Baada ya zamu 44 mikono yote miwili ni mitupu na vita inabadilika: ni mtaji sasa, na shimo lenye kete moja pekee haliwezi kuanzisha chochote. Aliyetapanya kete zake wakati wa namua anaingia humo na moja moja zilizotawanyika. Kushindwa kwake kulianza zamani, kete kumi zikiwa bado kiganjani.

Katika mkoa huohuo wa Simiyu, wilayani Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, ambao kwao mshale ni chakula. Wanaume wao wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko, wa kurusha vipande vya magome ya mti, na dau mara nyingi ni mishale ya chuma yenye sumu. James Woodburn, aliyeishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba upinde na mishale isiyo na sumu haviwekwi dau. Sijaona kanuni ya akiba iliyo wazi kuliko hiyo: poteza utakacho, lakini usikose cha kuwindia ndege kesho.

Watoto wengi huanza na bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbili mbili na hakuna ya mkononi. Linafaa kwa kuzoea njia. Ila wewe unayemfundisha mtoto, usimkalishe hapo muda mrefu. Mpe zile 22 mapema, umwache azitapanye.