Swastika: Taashira ni Mali ya Nani?

Darasani tunafundishwa kwamba taashira haizaliwi na maana. Maana hupewa na jamii. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapata maksi zetu, basi. Hebu tuipime nadharia hiyo kwa swastika, ule msalaba ambao mikono yake minne imepindwa mwishoni.

Jina latokana na Kisanskriti: "su" ni wema, "asti" ni kuwa. Kwa Wahindu, Wajaini na Wabudha ni alama ya heri tangu kale. Rudyard Kipling, mzaliwa wa Bombay, aliitumia kupamba majalada ya vitabu vyake pamoja na kichwa cha tembo. Mwaka 1920 chama cha Hitler kiliiweka kwenye bendera yake. Mwaka 1935 bendera hiyo ikawa ya taifa zima, na chini yake waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6. Kipling aliiondoa vitabuni mwake miaka ya 1930. Mwaka 1940, huko Arizona, Wanavajo, Wahopi, Waapache na Wapapago walitia saini hati ya kuacha kuifuma kwenye mablanketi na vikapu vyao.

Wapo wenzetu wanaodai dawa ni kurejea asili: eti asili ikijulikana, uovu utafutika. Hoja hii ni nyepesi mno. Asili ya neno haimfuti machozi mtu ambaye wazazi wake waliishia Auschwitz. Lakini nao wanaotaka ipigwe marufuku kila mahali wanakosea, maana watakuwa wamemmilikisha Hitler kitu alichokikuta. Wanazi wenyewe waliiita Hakenkreuz, yaani msalaba wa kulabu.

Kwa maoni yangu, mhakiki hana budi kuuliza: nani anaichora, wapi, na mbele ya macho ya nani? Mama wa Kihindu anayeichora kwa unga kizingitini siku ya Diwali anaomba heri. Kijana anayeichora usiku kwenye kaburi la Myahudi anatishia watu. Mchoro ni uleule, matini ni mbili.

Kipling aliweza kuiacha kwa urahisi. Kwake ilikuwa pambo. Kwa mama yule ni dua. Na wale wafumaji wa Arizona, je? Walipoteza cha kwao kwa kosa lisilo lao. Kwa hiyo, jamani, tunapoandika tena kwamba "jamii huipa taashira maana," tuseme pia ni jamii ipi, na ni nani aliyelipa gharama.