Fundi wa Kulia na Kushoto

Picha ya ubongo iliyozungushwa vibaya humuumbua aliyeikosea papo hapo. Programu za kuchambua picha za ubongo, kama FSL ya Oxford au SPM ya London, hazijui uso wala kisogo. Huusogeza ubongo wa mgonjwa kidogo kidogo, zikiuinamisha na kuunyoosha, mpaka ulale juu ya ubongo wa kielelezo, kama ule wa Montreal uliotokana na wastani wa picha za watu 152. Utafutaji huo huanzia pale picha ilipo. Ikiwa pua imeelekea juu, programu huweza kuridhika na ulinganifu wa uongo, kisogo kikakaa penye utosi. Kosa hilo lina heri, kwa kuwa linaonekana.

La hatari ni kulia kudhaniwa kushoto. Nusu mbili za ubongo zinafanana mno, kwa hiyo picha iliyopinduliwa huingia kwenye kielelezo bila shida na hesabu hutoka safi. Uvimbe wa kulia huandikwa wa kushoto, na kushoto ndiko daktari Paul Broca alikotuonyesha mwaka 1865 kwamba watu wengi huendeshea usemi.

Mitego ni mingi. Faili za picha za muundo wa zamani, Analyze, hazikutaja pande kwa uhakika. Muundo wa NIfTI ulikuja kulitibu hilo, ukitenga baiti 348 za mwanzo kwa maelezo, pamoja na mwelekeo wa kila mhimili. Hata hivyo, faili za DICOM za hospitali huhesabu nafasi kwenda kushoto na kisogoni. NIfTI huhesabu kwenda kulia na usoni.

Ndipo ninapomvulia kofia fundi anayebandika kidonge laini cha vitamini E kwenye panja la kulia la mgonjwa kabla hajaingizwa kwenye mashine ya MRI. Mafuta yake hung'aa pichani, doa jeupe nje ya ngozi. Baadaye, kabla ya hesabu yoyote, hufungua faili na kulitafuta doa. Kisha huizungusha picha kwa robo mduara, asiipindue. Kitabu kilichogeuzwa juu chini husomeka ukikizungusha. Kilichopinduliwa kama kiooni hakisomeki hata ukizungushe vipi.

Programu hukokotoa mamilioni ya namba, lakini mkono wa kulia wa mtu haupatikani kwa kukokotoa. Anaujua aliyesimama karibu naye, akaona umuhimu wa kuutia alama.