Kiti Kilichoungua na Somo la -me-

Mwaka 2002 kijana wa Kiholanzi, Maarten Baas, alihitimu masomo ya ubunifu mjini Eindhoven kwa kazi ya ajabu kidogo. Alichukua samani zilizokwishatengenezwa, akaziunguza kwa moto wa gesi mpaka mbao zikawa nyeusi kama makaa, kisha akazipaka epoksi zisibomoke. Kazi hiyo aliiita Smoke. Mwaka 2004, mjini New York, alionyesha hata viti vya wabunifu mashuhuri alivyoviunguza vivyo hivyo, kikiwamo cha Mholanzi mwenzake, Rietveld.

Mwaka 2009 akaleta saa alizoziita Real Time. Mojawapo ni saa ndefu ya kusimama, kama zile za sebuleni zamani. Ndani ya uso wake, katika filamu ya saa kumi na mbili, mtu anachora mishale kwa mkono, anaifuta, anaichora tena, dakika baada ya dakika.

Ni rahisi kuvutiwa na saa. Mimi nachagua kiti. Saa inasema "anachora", na filamu ikiisha inaanza upya; yule mtu hazeeki, wala kazi yake haiachi alama. (Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, Waswahili na Waganda pia, tungetaraji mzunguko wa pili uwe na giza lake. Hauna.) Kiti hakirudi nyuma. Kimeungua: tendo limekwisha, hali yake ipo mbele yetu.

Hapo ndipo linapotugusa sisi walimu. Darasani twasema -me- ni wakati uliopita punde. Ndiyo maana mwanafunzi akimwona mtu yuko kitini huandika "anakaa", akiogopa "amekaa", nasi twamkata alama bila kumweleza. Kiti kile kiliguswa na moto zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na hadi leo kimeungua. Hiyo punde iko wapi?

Lawama yangu kwa Baas ni epoksi. Inang'aa mno, nayo imekizuia kiti kisichakae kama viti vingine. Moto umeruhusiwa kupita mara moja tu, kwa adabu.

Siku hizi naitumia picha ya kiti hicho katika somo la njeo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tunasema "kimeungua", si "kimeunguzwa", ilhali aliyekiunguza tunamjua kwa jina. Kipindi kiliisha tukiwa bado tunabishana.